Kanga na Mtoto Aliyeitwa na Wengi

Paukwa!

— Pakawa!

Lo, mmeitika kama watu waliolala njaa! Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, maana ngano hii ni ya masikio.

Hapo zamani za kale, huko nyikani, paliondokea kanga mmoja. Wenzake wakimwita Bi Kanga. Alikuwa na vifaranga wengi, na kitindamimba wao akiitwa Kitone. Mtundu huyo, we acha tu! Wenzake wakienda kulia, yeye kushoto.

Basi siku moja ya kiangazi kikali, wakulima walikuwa wakichoma mashamba yao. Upepo ukageuka. Moto ukaruka mpaka wa mashamba, ukaingia kwenye nyasi ndefu. Wanyama wakatimua mbio, hao! Wakakimbilia mtoni, kwenye mchanga mtupu pasipo na cha kuungua.

Bi Kanga akafika na wanawe. Akawatazama, akawatazama tena. Kitone hayupo.

"Jamani, mwanangu!" akalia. "Mwanangu kabaki nyasini!"

Wanyama wakamwonea huruma, kweli wakamwonea. Wakaanza kumwita mtoto wote kwa pamoja. "Kitoneee! Kitoneee!" Fisi anaita, nyani anaita, ngiri anaita. Na moto nao unapasua nyasi, pwa! pwa! pwa! Makelele matupu.

"Nawaombeni mnyamaze," Bi Kanga akasema. "Mwanangu hawajui nyinyi. Akisikia sauti ngeni anajificha."

Nani amsikilize? Punda akacheka mpaka meno yote yakaonekana.

"Ewe Bi Kanga, wewe hata masikio huna! Utamsikia kwa nini, kwa mdomo? Tuachie sisi wenye masikio yetu."

Akatangulia Sungura. Akaenda, akasimama, akatega masikio. "Nasikia panzi! Nasikia mwiba unapasuka! Nasikia moto, nasikia upepo, nasikia nyani!" Akakimbilia huku, akakimbilia kule, akarudi anahema. Alisikia kila kitu, maskini, na mtoto hakumpata.

Akafuata Punda. Akaenda, akasimama, akatega masikio. Akasikia kitu kinakwaruza, akakibeba kwa meno, akarudi kwa maringo. "Mtoto wenu huyu hapa!" Kumtazama, ni kobe!

"Mimi nilikuwa nakwenda zangu," Kobe akasema kwa hasira. "Nani kakutuma unibebe?"

Wa tatu akawa Mzee Tembo. Akaenda, akasimama, akatandaza masikio yake mapana. Kisha akainamisha kichwa. "Nasikia ngurumo ya mvua nyuma ya milima ile, Bi Kanga. Lakini sauti nyembamba kama ya mwanao haziniingii. Nisamehe, mwanangu."

Mvua nyuma ya milima! Na moto uko hapa! Bi Kanga akaona akingoja msaada wa wenzake, atazika. Akawaacha wanawe chini ya tumbo la Tembo, akajitoma nyasini.

Moshi ukamziba macho. Nyuma yake wale bado wanapiga kelele, "Kitoneee!" Mtoto halii, amejikunyata kwa hofu. Sasa atamsikia vipi asiyelia? Ndipo akakumbuka wimbo aliokuwa akiimba alipokuwa akiatamia. Akaimba polepole:

*Kwachee, mwanangu, kwachee,*
*nilikuita ukiwa yaini,*
*niitikie, nami nitakuja.*

Kimya. Akageuza kichwa upande huu, akakigeuza upande ule. Akaimba tena:

*Kwachee, mwanangu, kwachee,*
*nilikuita ukiwa yaini,*
*niitikie, nami nitakuja.*

"Pyii."

Sauti ndogo, wenzangu! Ndogo katikati ya moto, na upepo, na wanyama wote wa nyika. Lakini Bi Kanga hakukimbilia huku wala kule. Alikwenda moja kwa moja, akachomeka kichwa ndani ya kichaka, na Kitone huyo, mzima! Akamfunika kwa bawa, wakatoka mbio, moto ukimlamba mama kichwa na shingo. Walipofika mchangani manyoya ya kichwa yalikwisha teketea yote. Hakujali. Alikuwa analia kwa furaha.

Wanyama wakashika vinywa. Mzee Tembo akauliza, "Mama, umewezaje, nawe masikio huna?"

"Matundu ninayo, mzee, yalijificha chini ya manyoya. Lakini sikio ni mlango tu. Sauti ikibisha, mishipa ya fahamu huipokea na kukimbia nayo ndani kama matarishi wapelekao habari, mmoja kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto. Mle kichwani ubongo unawangoja. Akitangulia wa kushoto, ubongo unajua mtoto yuko kushoto. Wakifika sawia, basi nimemwelekea. Kisha ubongo unachambua kama mama achambuaye mchele. Huu ni moto, tupa. Huyu ni Punda, tupa. Hii ni sauti ya mwanangu, hii weka! Na yote hayo kufumba na kufumbua."

"Subhana!" Tembo akasema. "Kumbe kazi yote hiyo imo katika kichwa kidogo hivi!" Akamgeukia Punda. "Umesikia, bwana? Masikio hayapiti kichwa."

Punda akayasimamisha yake juu kabisa. "Haya yangu je? Hayapiti?"

Walicheka, walicheka mpaka Kobe akasahau hasira yake. Punda hakuelewa wanachekea nini, na mpaka leo hajaelewa. Naye kanga, manyoya ya kichwa hayakuota tena. Ukimwona na kipara chake usimcheke, bali umpe heshima yake.

Basi, tumejifunza nini? Usimpime mtu kwa ukubwa wa sikio. Sikio hupokea, kichwa ndicho kisikiacho. Na mwenzako akipotelewa, kabla hujapiga kelele za kumsaidia, nyamaza kwanza umsikie anasemaje. Kitone nusura afe, na waliokuwa wakimwita wote walimpenda.

Ngano yangu nimeimwaga hapa. Mwenye masikio na aizoe, mwenye kichwa na aile.