Kamshafti ya Mzee Kupaza

Kamshafti ya baba haipandishi gari la mwana.

Mmemsikia yule dereva akimtupia mwenzake maneno hayo hapa kwenye duka langu la vipuri, nanyi mkacheka mpaka mkashika mbavu. Mmecheka nini? Mnadhani ni tusi. Mnadhani maana yake baba ni wa zamani, hana faida, awekwe kando. Rehani, hebu teremka kwenye hilo tairi, si kiti hicho. Na wewe Mwantumu, zima simu. Methali hii haikutoka kwa mababu. Ilizaliwa hapa hapa Mombo, na walioizaa nawajua kwa majina. Nitawaambia ilivyoanza, halafu nione nani atacheka.

Mama Singano ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anakaa milimani huko, ukishapita Soni, nyumba iliyo juu kidogo ya kona ya mwisho. Mumewe alikuwa Mzee Kupaza, Mungu amrehemu, mtu aliyependa magari kuliko chakula. Ujanani alikuwa akishindana kwenye mbio za magari, na gari lake hakulibadilisha mpaka uzeeni. Lilibaki na kamshafti ile ile ya mashindano.

Kwa asiyejua, kamshafti ni chuma kirefu chenye nundu, kinakaa kichwani mwa injini. Kikizunguka, nundu zinasukuma valvu, nazo valvu ni milango: mmoja unaingiza hewa, mwingine unatoa moshi. Ile ya Mzee Kupaza ilikuwa na nundu kubwa. Milango inafunguka sana na inakawia kufungwa, hata kuna wakati yote miwili iko wazi pamoja. Gari likikimbia, raha mustarehe. Likienda pole pole, linakohoa: du-du-dum, du-du-dum. Kijiji kizima kilimjua kwa kikohozi hicho. Akiwa bado kona za chini, dada yangu anainjika birika, na akiingia mlangoni chai imeiva. Hawakuwa watu wa maneno mengi, wale. Mapenzi yao yalikuwa hayo.

Halafu macho ya dada yakaanza kuingia ukungu, mwisho akawa anaona mwanga tu. Hajalizoea giza lile, Mzee Kupaza akafariki kwa maradhi ya kifua. Gari likawekwa bandani. Dada yangu akabaki na msichana wa kumpikia, akashinda barazani kutwa kucha, hali mpaka abembelezwe. Birika hakuligusa tena. Ukimsemesha anaitikia "mm," basi. Niliumia, jamani, maana huyo ndiye aliyenibeba mgongoni.

Mwanawe wa pekee ni Singano, anafanya kazi hapa Mombo kwenye ghala la mbao. Kila Ijumaa baada ya sala hupanda kwenda kumwona mama yake. Gari lake lilikuwa na injini ya ukoo mmoja na ile ya baba, ila ya kwake ina tabo. Tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, nayo inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Ndiyo huo mluzi mnaousikia gari likivuta mlima: fiiiii.

Sasa kamshafti ya Singano ikawa imelika, lazima abadilishe. Naye kwa jinsi alivyomwona mama yake ananyauka, akapata wazo. Lilikuwa wazo la upendo, msimcheke. Akaingia bandani, akaifungua kamshafti ya marehemu, akaiosha kwa petroli mpaka ikang'aa, akaipeleka kwa Fundi Shemdoe, gereji ile ya pili kutoka hapa. Nilikuwepo, nimepeleka gasketi.

"Fundi, nifungie hii," akasema.

Shemdoe akapitisha kidole gumba juu ya nundu, moja baada ya nyingine. "Hii ya mzee?"

"Ya mzee."

"Wewe una tabo, bwana mdogo. Hii si yako."

"Kwani haiingii?"

"Kuingia inaingia. Hata kwenye kiatu cha baba yako mguu wako utaingia. Nisikilize. Tabo inakusukumia hewa ndani. Milango yote miwili ikikaa wazi, hewa ile inapita tu inatokea nyuma, na kwenye kona za pole pole moshi unarudi ndani. Ni kujaza maji ndoo iliyotoboka. Gari la barabarani lenye tabo linataka nundu za wastani, milango ifungwe mapema, hewa ibaki. Zipo dukani kwa mama huyu hapa."

"Fundi, mimi nataka ule mlio," Singano akasema. "Mama ausikie, ainuke."

Shemdoe akamtazama kwa huruma. "Singano, kamshafti ya baba haipandishi gari la mwana."

Loo! Kijana aliwaka. "Unamtukana baba yangu na yuko kaburini? Funga, au nipeleke kwa mwingine." Shemdoe akainama akafunga.

Ijumaa Singano akapanda. Hapa tambarare gari lilinguruma vizuri, watu wakageuka kutazama, wazee wakashika vifua. Kufika kwenye kona, pumzi hakuna. Mluzi hakuna. Gari linajikokota, malori matupu yanampita yakimpigia honi.

Dada yangu alikuwa barazani. Alipoisikia ile du-du-dum kutoka bondeni, akasimama mwenyewe, hakushikwa mkono na mtu. Akapapasa ukuta mpaka jikoni, akainjika birika, akatoa kikombe cha bati cha mumewe kutoka chini kabisa ya kabati. Yule msichana alifurahi, akadhani bibi amepona.

Kwenye kona ya mwisho, injini ikazima. Singano akawasha, ikakataa. Akafungua boneti, akainamisha kichwa humo. Huku juu dada anasubiri, mlio hauendelei. Msichana yuko jikoni anaangalia chai. Dada akachukua fimbo yake, akashika njia ya kuteremka barabarani peke yake.

Singano alishtushwa na breki za lori. Kuinua kichwa, lori la kabichi limesimama, na mbele yake, karibu kiasi cha kuligusa, mama yake. Kanga imemwanguka begani, mkono ameunyoosha mbele.

"Kupaza," alikuwa akiita. "Kupaza, mbona umezima gari? Njoo, chai tayari."

Singano akakimbia akamkumbatia. "Mama, ni mimi! Ni mimi, Singano!"

Dada akampapasa uso, paji, masikio. "Singano? Mbona sikukusikia?"

"Nimeweka kamshafti ya baba. Nilitaka umsikie, mama."

Hapo dada akalia. Siku ya mazishi hakulia vile. Dereva wa lori alishuka amekuja kugomba, akaishia kuokota kanga.

"Mwanangu," dada akasema, "baba yako nimemzika, najua alipo. Mimi pale barazani nangoja mluzi wako. Ukipiga kule chini, nasema alhamdulillahi, aliyebaki amerudi. Leo nimengoja mluzi, haukuja. Umenirudishia niliyemzika, ukaniondolea niliye naye."

"Lakini mama, ulikuwa huinuki. Hata chai ulikuwa huinjiki."

"Nimwinjikie nani? Unakuja na soda na mikate na maneno ya pole, unakaa kama mgeni wa msiba. Baba yako alikuwa akifika anadai chai yake. Wewe umewahi kuniomba?"

Singano akamshika mkono, wakapanda nyumbani.

Gari likavutwa mpaka gereji. Singano akaja hapa kununua kamshafti yenye nundu za wastani, akampelekea Shemdoe, macho chini.

"Fundi, uliniambia."

"Na sikumtukana mzee," Shemdoe akajibu. "Kamshafti nzuri kama ile sijapata kuishika. Ilichongwa kwa injini yake na mwendo wake. Ya kwako ina pumzi ya namna nyingine."

Ijumaa iliyofuata nilipanda naye. Kufika kona za chini, fiiiii! Tukapanda tumekaa vitini kama mabwana. Dada alikuwa mlangoni, birika linatoa mvuke, na Singano hata salamu hajamaliza akasema, "Mama, chai yangu iko wapi?" Dada akacheka! Wallahi, nilimsikia kwa masikio yangu. "Subiri nawe," akasema, "una haraka kama baba yako."

Kamshafti ya Mzee Kupaza inaning'inia barazani mpaka leo, karibu na kiti cha dada. Jioni huipapasa nundu zake, akanung'unika, "Mkaidi wee." Hakuna aliyeitupa.

Kamshafti ya baba haipandishi gari la mwana. Haya, Rehani, cheka sasa.