Chupa ya Wiki Dukani kwa Mama Perusi

Mtu mmoja alikuwa na shamba la zabibu na mdogo wake wa tumbo moja, na katika hivyo viwili alichojua kukitunza ni shamba. Jina lake Naftali. Aliishi nje kidogo ya Dodoma, huko ambako ardhi ni nyekundu na mvua ni ya kuhesabu, na mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka ikiwa mwenyewe ana maji. Yeye maji alikuwa nayo.

Najua baadhi yenu mvinyo hamgusi, wala sikuja hapa kuwafundisha kuugusa. Msinitazame hivyo. Sikilizeni tu habari za watu hawa.

Baba yao alipofariki aliacha shamba moja lenye sehemu mbili. Sehemu ya chini ilikuwa na udongo mzito na kisima. Sehemu ya juu ilikuwa changarawe tupu, jembe likigonga pale linatoa cheche. Mgawaji alikuwa Naftali, maana ndiye mkubwa, na mkubwa akigawa hakuna wa kumsimamia. Alichukua ya chini. Ya juu akampa mdogo wake, Yoeli, akamwambia, "Wewe bado kijana, una nguvu." Yoeli akashukuru, akabeba jembe lake, akapanda juu. Ikapita miaka kumi na miwili, na ndugu hawa hawakugombana hata mara moja. Walisalimiana, walichangiana kwenye misiba, walikaa benchi moja kanisani. Ila Naftali hakuwahi kukanyaga shamba la juu, wala kuuliza mizabibu ya kule inaendeleaje.

Mjini palikuwa na duka la mvinyo la mjane mmoja, Mama Perusi. Duka lenyewe dogo, wakiingia watu sita wa saba anasubiri nje. Karibu na mlango alikuwa na kibao kilichofunikwa kitambaa cheupe, na juu ya kibao kile husimama chupa moja tu, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Hiyo ndiyo iliyoitwa chupa ya wiki. Bei yake hushushwa kidogo, na Mama Perusi huandika kwa mkono wake, kwenye kadi, jina la mkulima na mahali lilipo shamba lake. Watu wa mjini walimwamini. Mwalimu akitaka chupa ya kumpelekea mkwewe, kamati ya harusi ikitaka mvinyo wa meza kuu, hawakuhangaika na rafu. Waliuliza ya wiki hii ni ipi, wakabeba hiyo.

Tena dukani pale palikuwa na desturi ambayo mimi sijaiona kwingine. Wiki ikiisha, Jumatatu asubuhi, mkulima ambaye chupa yake inashuka hufika mwenyewe. Huishusha kwa mkono wake. Kisha huzibua chupa ya mwenzake inayopanda, hunywa wa kwanza mbele ya wateja, na kusema amekuta nini. Halafu huchukua nyingine ya aina ileile na kuisimamisha juu ya kitambaa. Mama Perusi hakusifia chupa yoyote kwa kinywa chake. Alisema yeye ni muuzaji, na muuzaji husifia hata maji ya mtungi. Mkulima anayeondoka hana sababu ya kumpamba anayeingia, kwa hiyo neno lake watu hulipokea.

Naftali alikisubiri kibao kile miaka saba. Kila mavuno alipeleka chupa, na kila mavuno Mama Perusi alionja, akafikiri, akamwambia, "Bado kidogo, Baba Debora." Mwaka wa nane akamwambia alete. Jamani, furaha ya mtu yule! Alikwenda kwa fundi akashonesha koti la sufu, Dodoma hii, mwezi wa kumi na moja, joto la kukausha mate. Jumatatu alihudhuria chupa yake ikipandishwa. Jumanne akaenda mjini kununua misumari. Jumatano akaenda tena kununua misumari. Mkewe akamuuliza, "Baba Debora, tunajenga?" Misumari ilikuwa kisingizio. Alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara na koti lake, jasho likimtiririka, akiwaangalia watu wanavyotoka dukani na chupa yake kwapani. Wala simcheki. Mvinyo wake ulikuwa mzuri kweli, na mtu kufurahia jasho lake si dhambi.

Jumamosi akaingia ndani kumuuliza Mama Perusi wiki inayofuata ni ya nani.

"Ya Yoeli."

"Yoeli yupi?"

"Yoeli mdogo wako. Kwani unao wangapi?"

Mama Perusi akamweleza yote, maana hakuona sababu ya kuficha. Yoeli alikuwa ameleta chupa kwa mara ya kwanza. Alisema mvinyo huu usipopata wanunuzi msimu huu, anang'oa mizabibu yote na kupanda alizeti, kwa sababu watoto hawawezi kungoja zaidi. Na Jumatatu ya kupandisha chupa yake ingekuja kamati ya harusi moja kubwa kuchagua mvinyo, nao wameshasema watachukua ya wiki.

Naftali akatoka bila kuaga. Njiani koti likamwelemea, akalivua. Hebu niwaambie kilichomuuma, maana yeye mwenyewe hakuwa tayari kukisema. Kushuka hakukumuuma, alijua atashuka. Kilichomuuma ni kwamba changarawe ile imetoa kitu. Miaka kumi na miwili alikuwa akijituliza kwamba Yoeli si mkulima, kwamba hata angepewa kisima angebaki vilevile, na kwa hiyo mgawo ule haukumpunguzia mtu chochote. Kwa maneno hayo alikuwa akilala usingizi. Sasa kuna chupa.

Jumapili chakula hakikushuka. Mkewe akamtazama anavyouvuruga ugali, akamwambia, "Si uende tu useme utakachokikuta?" Wanawake hurahisisha mambo namna hiyo, na mara nyingi wako sahihi, ndiyo maana inaudhi. Naftali akawaza kujifanya mgonjwa, akaona watu watasema amekimbia. Akawaza kukunja uso baada ya kunywa, akaona haya, mtu mzima na ndevu zake. Mwishowe akapata maneno mawili. Atasema, "Si mbaya." Hakuna mtu wa kumshitaki kwa maneno hayo. Lakini ninyi mnayajua. Mpikie mgeni, muulize chakula kikoje, akujibu si mbaya, uone kama utamwongezea.

Jumatatu duka lilijaa. Kamati ya harusi ilikuja, akina mama watatu na mwenyekiti wao. Yoeli alikuwa ameshafika na makreti mawili nyuma ya baiskeli, miguu imejaa vumbi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, hamtazami mtu. Naftali akaishusha chupa yake mwenyewe, akaiweka kando. Akazibua ya ndugu yake, akamimina kwenye glasi, akanywa.

Mizabibu ya Naftali ilikunywa maji kila ilipotaka. Ilitoa mashada makubwa, na mvinyo wake ulikuwa mwepesi, mtamu, wa kumpendeza kila mtu. Mizabibu ya Yoeli ilikuwa imeyatafuta maji chini ya mawe miaka yote ile, ikatoa zabibu chache, ndogo, za ngozi nene, na taabu yake yote ilikuwa imegeuka kuwa utamu usioisha upesi mdomoni. Naftali alikuwa mkulima wa kweli. Kwa muda alisahau kwamba anatazamwa, akabaki anausikiliza ulimi wake. Hajawahi kutengeneza kitu kama kile, na alijua kwamba hatakitengeneza. Kisha akakumbuka alipo, akaiweka glasi chini.

"Si mbaya," akasema.

Duka likapoa. Mwenyekiti wa kamati akakohoa. Mama mmoja aliyekuwa ameshanyoosha mkono kwenye kreti akaurudisha, akageukia rafu za nyuma kuangalia nyingine. Kumtetea Yoeli Mama Perusi asingeweza, kwa kuwa desturi yake mwenyewe ilimkataza kusifia. Naftali aliyaona yote hayo, akajua kwamba kazi imefanyika.

Hapo Yoeli akacheka. Tena si kwa dhihaka. Alicheka kwa furaha, macho yamelowa, kofia ameikunja mikononi, akamgeukia Mama Perusi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Umemsikia kaka? Amesema si mbaya! Tangu nizaliwe hajawahi kukisifia kitu changu."

Naftali alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hasira alikuwa amejiandaa tangu siku waliyomzika baba yao, na kama Yoeli angefoka angepata la kumjibu. Kwa furaha hakuwa amejiandaa. Alisimama pale akitafuta kichwani siku moja tu, mavuno, harusi, ubatizo, siku yoyote, aliyowahi kumwambia mdogo wake neno jema. Hakuiona. Akaona badala yake mtu aliyeanza kuota mvi, baba wa watoto, amesimama mlangoni anashangilia makombo. Aibu ikamshika tangu nyayoni.

Akaichukua glasi. Akanywa iliyobaki yote, taratibu, bila kujificha. Kisha akawageukia wateja.

"Nimewadanganya," akasema. "Mvinyo huu umeupita wangu mbali. Na mawe yale nilimgawia mimi."

Akatoa chupa nyingine kwenye kreti, akaifuta vumbi kwa pindo la shati lake, akaisimamisha juu ya kibao. Yule mama aliyekuwa kwenye rafu za nyuma akarudi upesi, akaonja, akamwita mwenyekiti aonje, na mwenyekiti akaonja mara tatu ili kuwa na hakika. Makreti yote mawili wakachukua, wakauliza kama yapo mengine nyumbani. Yoeli alijibu yapo, halafu hakujua aiweke wapi mikono yake. Alizeti hakupanda mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Walirudi nyumbani pamoja, baiskeli tupu, Naftali akiikokota. Walipofika njia panda, mkubwa hakushuka kwenda kwake. Alipanda kule juu. Alilizunguka shamba zima kwa miguu, akauliza mzabibu huu una miaka mingapi, na huu uliupogoa lini, na hapa ulichimbaje, na Yoeli akaeleza mpaka sauti ikakauka, maana alikuwa na maelezo ya miaka kumi na miwili. Naftali akasema kesho ataleta mpira wa maji kutoka kisimani hadi huku. Yoeli akacheka tena.

"Maji ya nyumbani nitayapokea, kaka, mke wangu atakubariki. Lakini mizabibu iache hivyohivyo, utaniharibia."

Naftali naye akacheka. Mpira ukaja, maji yakafika mlangoni kwa Yoeli, na watoto wakaacha kubeba ndoo. Mvinyo wa Naftali ulirudi kwenye rafu ya kati dukani kwa Mama Perusi, ukanunuliwa na wale wanaoupenda, na wako wengi. Jumatatu ile jioni alikula ugali mpaka mkewe akachungulia sufuria. Usiku alilala bila kujipa maneno ya kujituliza.

Watu wa mjini husema Yoeli alipata wiki njema. Sawa. Mimi namwona mwingine aliyetua mzigo. Sasa nakuuliza wewe uliye mkubwa wa mtu, baba, mama, kaka, bosi, mchungaji kama mimi: ni nani nyumbani kwako ambaye mpaka leo hajasikia kutoka kinywani mwako neno moja jema linalomstahili, na unangoja nini?