Mlima wa Tano Usio na Udongo

Kabla babu wa babu yangu hajaota jino la kwanza, nchi yetu ilikuwa milima minne, na kila mlima ulikuwa na mfumwa wake, ndiyo kusema mtawala wake. Mipaka haikuwa kuta wala mitaro. Ilikuwa masale, mmea huu huu wa majani marefu mnaouona kwenye kingo za mashamba. Ukifika penye isale ulisimama, ukapiga hodi, ukangoja mlinzi aje na swali lake: "Wewe wa nani?" Jibu lisipompendeza, uligeuza nyayo ukarudi kwenu.

Palikuwa na sheria nyingine nzito kuliko hiyo. Mtu akiumia katika ardhi ya mlima fulani, mgeni wa mlima mwingine hakuruhusiwa kumgusa. Akimgusa na yule mtu akafa, damu ilikuwa juu ya mgeni. Msicheke nyie mliokaa nyuma, sheria hiyo haikutungwa na wajinga. Ilitungwa baada ya vita, maana wakati wa vita wapo waliojifanya kuokota majeruhi, kumbe wanakwenda kuwamalizia vichakani. Wazee wakaona bora mgeni asiguse kabisa. Vita vikaisha, sheria ikabaki. Watu wakawa wanakata roho kando ya njia, na wapita njia wamesimama wanawatazama, mikono nyuma.

Mlima wa Vumbe ulikuwa na mwanamke mmoja, msokota kamba, jina lake Nakijwa. Alikuwa na viganja vipana na sauti isiyojua kunong'ona. Siku za gulio alikutana na wenzake kutoka milima yote minne, na jambo hili liliwakera hata wakashindwa kulizungumza bila kugombana. Mwishowe wakaacha kuzungumza. Wakakata miti miwili mirefu, Nakijwa akasuka kamba katikati, ikawa machela. Aliyeanguka kwenye genge la mwamba walimbeba. Mama aliyeshikwa na uchungu mbali na mkunga walimbeba. Hawakuwa na jina wala ruhusa ya yeyote. Walikuwa na machela moja na nia njema, wakadhani hiyo inatosha. Hapo ndipo walipokosea.

Masika moja, ndiva iliyokuwa juu ya kijiji kimoja cha mlima wa Lombwe ilipasuka. Ndiva ni lile bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia mashamba, na ile ilikuwa kubwa na kuukuu. Maji na tope vilishuka asubuhi watu wakiwa bado wanakunywa uji, vikafunika nyumba kumi na nne. Nakijwa na wenzake walikimbia na machela yao mpaka kwenye masale ya Lombwe. Mmoja wao akasita, akauliza kama wasipige hodi kwanza.

"Hodi ya nini?" akafoka Nakijwa. "Nani atamhoji mtu anayebeba majeruhi?"

Wakaruka. Walichimba kwa majembe, kwa vibuyu, kwa kucha. Mpaka jua linasimama utosini walikuwa wamewatoa watu kumi na mmoja, na kumi kati yao walipona. Wa kumi na moja aliitwa Mbonea. Alikufa juu ya machela, mbele ya macho ya watu, wakiwa njiani kumpeleka kwa mganga. Walinzi wa Lombwe waliokuwa wamejificha maji yalipokuja, sasa wakatokea na kamba zao. Nakijwa akanyoosha mikono.

"Mimi ndiye niliyeshika kichwa chake," alisema. "Hawa wengine waacheni."

Mfumwa wa Lombwe aliitwa Mrindoko. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila alikuwa na ugonjwa wa kupenda kila kitu kiwe chake. Akiona ng'ombe mzuri, wake. Akisikia wimbo mzuri, kautunga yeye. Kwa kuwa kesi iligusa milima yote, liliitishwa baraza la wafumwa wote wanne kwenye mwamba ule mpana ambapo milima inakutana. Adhabu ilijulikana kabla hata hawajakaa. Machela ingechomwa moto, na Nakijwa angefukuzwa milimani maisha yake yote, asipewe moto wala maji na mtu yeyote. Nyumbani Vumbe alikuwa ameacha watoto watatu na mama mzazi asiyeona.

"Mama, ulivuka isale langu bila hodi?" akauliza Mrindoko.

"Nilivuka, mfumwa."

"Ukamgusa mtu wangu katika ardhi yangu?"

"Nilimgusa. Na wengine kumi nikawagusa, hao ambao naona leo hakuna anayewataja."

Watu wakaguna. Nakijwa akaomba kusema, akaruhusiwa. Alikuwa amelala na jambo hilo siku tatu kizuizini, na alilisema moja kwa moja.

"Sheria inasema nisiguse majeruhi katika ardhi ya mlima usio wangu. Sawa, siipingi. Basi sisi tunaobeba, tupeni mlima wetu."

Kicheko kilichopigwa hapo kiliwatisha ndege. Mfumwa wa Vumbe, mzee aliyekuwa akisinzia, alizinduka akauliza kama huyu mama anataka wamegewe ardhi. Nakijwa akaomba machela iletwe. Ikawekwa juu ya mwamba, bado ina tope la Lombwe.

"Ardhi ninayoitaka ni hii," alisema. "Urefu wake ni wa mtu aliyelala, upana wake ni wa mabega yake. Ina ncha nne. Kila mfumwa afunge jani la isale kwenye ncha moja, kama mnavyofanya kwenye mpaka wowote. Atakayelazwa humu awe katika ardhi yetu. Anayemshika awe amemshika nyumbani kwake. Machela ikitembea, mlima umetembea."

Kicheko kikakatika. Wafumwa waliinuka, wakaizunguka ile machela wakiinama na kuichungulia kama watu wanaokagua ng'ombe wa posa. Wakauliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Nani atautawala mlima huo? Wenyewe wabebaji, watachaguana kutoka milima yote minne. Je, adui yangu naye atabebwa? Atabebwa. Na wale matapeli wa wakati wa vita wakirudi na machela zao? Hapana, chama kitakuwa kimoja tu kwa nchi nzima, kitajulikana kwa jina la Chama cha Machela, na mwingine yeyote atakayejifungia masale bila chama hicho atashtakiwa. Na silaha? Siku mkuki utakapokutwa juu ya machela, masale yafunguliwe na mlima ufe.

Mfumwa wa Vumbe akachuma jani, akafunga ncha ya kwanza. Wa pili akafunga, na wa tatu akafunga. Lakini katika nchi yetu sheria haikuwa sheria mpaka wafumwa wote wanne waweke mikono yao. Mrindoko alibaki na jani lake, analigeuzageuza vidoleni.

"Nitafunga," alisema, "ila kwa sharti. Chama hiki kiwe changu. Nitawalisha, nitawavika, nitawajengea nyumba. Kesi hii nitaifuta sasa hivi, na wewe mama utakula jioni na watoto wako. Lakini mtaitwa watu wa Lombwe."

Nakijwa aliogopa. Msije mkadhani watu wa aina yake hawaogopi. Alitamani nyumba yake mpaka akahisi moshi wa jikoni kwake.

"Mfumwa, nakushukuru," akasema. "Lakini nikiwa wako, kesho nikifika Vumbe wataniuliza mimi wa nani. Nikisema wa Mrindoko, watanirudisha, na majeruhi atanifia pale pale penye masale. Siwezi kuwa wako. Wala wa huyu, wala wa yule."

"Basi hukumu ipite," akasema Mrindoko, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

Hapo akasimama mwanamke mwembamba mwenye kaniki ya msiba, Nanzia, mjane wa Mbonea. Kwa desturi, mwenye damu huzungumza kabla ya hukumu, na hata mfumwa hana ruhusa ya kumkatiza.

"Mimi ndiye mwenye damu," alisema. "Nimewahi kuona watu wakifa njiani. Baba yangu alikufa hivyo, peke yake, watu wamemzunguka. Mume wangu hakufa hivyo. Alikufa huyu mama amemshika kichwa, anamwita kwa jina. Alimuuliza jina lake, wafumwa. Hakumuuliza yeye wa nani. Damu hii siidai. Mfungueni."

Kamba zikafunguliwa. Wabebaji walirukaruka, wakamkumbatia, wengine wakaanza kumvuta waondoke kabla mtu hajabadili mawazo. Nakijwa alijitoa mikononi mwao, akarudi kwenye mwamba, akaketi kando ya machela.

"Mama, umefunguliwa, nenda nyumbani," mfumwa wa Vumbe akamwambia kwa upole.

"Nimefunguliwa kwa huruma ya dada huyu, na sitaisahau mpaka nakufa. Lakini kesho atakamatwa mwenzangu, na mwenye damu huenda akawa mtu mwingine, mwenye moyo mwingine. Tutaokoa watu kwa kubahatisha huruma mpaka lini? Mimi sitaki kuhurumiwa. Nataka sheria. Ncha ya nne haijafungwa, na mimi siondoki."

Wabebaji wenzake wakatazamana, wakaketi naye. Nanzia akaja na kaniki yake, akaketi. Kisha wakaja wale kumi wa Lombwe waliotolewa topeni, mmoja wao akijikokota na mguu uliofungwa kwa magome ya mgomba. Wakaja na jamaa zao, na majirani zao. Haukupita muda, watu wa Lombwe wote walikuwa wameketi upande wa pili, na Mrindoko amesimama na walinzi wake tu. Halafu na walinzi nao wakachuchumaa, wakajitia wanafunga kamba za viatu.

Mrindoko aliwaka, akavimba, akatazama huku na kule akitafuta wa kumkaripia. Hakumpata. Akamgeukia Nakijwa.

"Na mimi nikianguka genge?"

"Utabebwa, mfumwa. Ila ukikutwa umeanguka pamoja na mchunga mbuzi aliyeumia kuliko wewe, utasubiri zamu yako."

Mrindoko alifungua mdomo kukaripia, kikamtoka kicheko, kicheko kikubwa cha tumbo. Akainama akafunga ncha ya nne kwa mikono yake mwenyewe, akapiga mafundo mawili, maana hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu.

Pembe ikapulizwa, sheria ikatangazwa pande zote nne. Hawakungoja kesho. Walimlaza palepale yule mwenye mguu uliovunjika, wakaondoka naye kwenda kwa fundi wa mifupa mlima wa mbali, kupitia ardhi zote nne. Kwenye kila mpaka mlinzi alinyanyua mkuki, akafungua mdomo aulize, akayaona majani manne yaliyofungwa na wafumwa, akafumba mdomo, akaingia kwenye nyasi kupisha. Vigelegele viliwafuata kutoka mlima hadi mlima. Wanawake walitupa khanga zao njiani. Nakijwa, aliyekuwa ameshika mti wa mbele, alilia njia nzima bila aibu, na hakuomba kupokewa hata mara moja. Yule mgonjwa ndiye aliyekuwa akimbembeleza anyamaze.

Tangu mchana ule mpaka hii leo, wafumwa wamekwisha, mipaka imelimwa mahindi, na sheria ya Chama cha Machela imeandikwa upya kwenye karatasi, ina vifungu na mihuri, imepitishwa na baraza la nchi nzima. Lakini machela mpya haibebi mtu kabla haijafungwa masale manne. Na ikipita, kila mtu anaingia kwenye nyasi, awe nani. Basi siku mkimwona mkubwa fulani kasimama kando ya njia, viatu vyake vizuri vimezama kwenye tope, na mbele yake anapitishwa mchunga mbuzi asiyejulikana jina, msimwonee huruma yule mkubwa. Amefika kwenye mpaka wa mlima wa tano, naye anapisha.