Madebe Mawili ya Ulezi

Isome hii mpaka mwisho, kisha mpelekee mkulima mmoja unayemjali.

Kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na ghala moja tu la mbegu. Mwaka uliotangulia, mbegu za ulezi ziliisha kaya nane zikiwa hazijapata. Kaya ya Subilaga ilikuwa mojawapo. Msimu mzima watoto wake walikula kwa shangazi yao, na maneno ya shangazi waliyala pia.

Kwa hiyo mtunza mbegu mpya alipotafutwa, Subilaga alijitokeza. Mshindani wake alikuwa Ambakisye, mwenye mashine ya kupepetea, ile yenye feni ya kuzungushwa kwa mkono.

Mwenyekiti, mzee Lwitiko, alimpa kila mmoja debe la ulezi mchafu.

"Safisheni hapahapa uwanjani kwangu. Jua likifika utosini, nakagua."

Ambakisye akazungusha mpini kwa nguvu zote. Makapi yakaruka hadi mwisho wa turubai. Kufika saa nne asubuhi, alikuwa amekaa kivulini.

"Shemeji, unapepeta au unabembeleza mtoto?" akamtania Subilaga.

Watu wakacheka. Subilaga aliendelea na kazi. Alipepeta kwa ungo, akachekecha mchanga, kisha akayarudia makapi yake mara ya pili, na ya tatu, akiokoa punje ndogo lakini nzima. Mbegu zake zilikuwa safi, ila hazikulingana. Za Ambakisye zililingana kama shanga.

Mzee Lwitiko akachota kiganja huku, kiganja kule.

"Zote safi. Za Ambakisye zinapendeza zaidi."

Subilaga akaanza kukusanya ungo wake na chekeche.

"Mama watoto!" mzee akamwita mkewe. "Fungulia kuku."

Kuku wakatoka bandani mbio. Kwenye makapi ya Subilaga walipekua kidogo, wakaondoka. Kwenye makapi ya Ambakisye, pale turubaini, walijazana, wakadonoa, wakapigana.

"Mzee, hao si kuku tu?" Ambakisye akalalamika.

"Kuku hagombanii makapi, kijana wangu. Feni yako imepuliza kwa nguvu mno, ikatupa na zilizo nzima. Hapo wanapodonoa ni shamba la mtu."

Akamkabidhi Subilaga ufunguo wa ghala. Ambakisye aliinuka, akaanza kufukuza kuku.

Funzo: Ukitaka kujua umakini wa mtu, usitazame alichobakiza tu, kagua na alichokitupa.