Inzi wa Kwemkole Apewe Jina la Nani?

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, kando ya kijito cha Kwemkole aliishi Tunu, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwapanga inzi aina kwa aina. Msicheke! Si hawa wa chooni. Ni wale wembamba, wa kijani kinachong'aa, wenye miguu mirefu. Wote jenasi moja, ila kila aina na dume lake, na kila dume na madoido yake mguuni. Ukikosa dume, umekosa aina.

Siku ya Idi, Tunu akaona dume likimchezea jike juu ya jiwe, likipunga mguu wenye kishada cheupe. Kishada kile hakikuwamo katika aina yoyote aliyoijua. Aina mpya! Nusura apige vigelegele. Lakini kila akitupa wavu, inzi huyoo, kaenda.

Mumewe, Sengenge, akaingia majini na kanzu yake mpya. Akateleza, akaanguka chali, akainuka na inzi wavuni. Shemeji yake Tunu, Kaoneka, akamchora inzi yule, unywele kwa unywele. Alipomaliza tu, akapiga chafya. Mguu wenye kishada ukaruka, na mpaka leo haujaonekana.

Sasa jina. Desturi ya kazi ile humwachia mgunduzi kuchagua jina, ila haimruhusu kumpa mdudu jina lake mwenyewe. Basi wakamvamia Tunu jikoni.

"Mke wangu, kanzu yangu imekuwa dekio," akasema Sengenge. "Bila mimi ungempata wapi?"

"Na bila mchoro wangu, shemeji, nani angekuamini?" akasema Kaoneka.

"Na chafya je?" akadakia Sengenge.

"Aa, chafya ni ya Mungu!"

Mama mkwe, Bi Mwanjaa, alikuwa akipepeta mchele. "Mimi nimegombana na kijiji kizima wasifulie kijitoni, hata nikaitwa mchawi. Sabuni ingeingia mle, mngemkuta inzi gani?" Akatua ungo. "Halafu, Tunu mwanangu, kwetu jina la bibi hubebwa na mjukuu. Hujajaliwa, wala sikulaumu. Basi acha langu libebwe na inzi."

Hata mwenye kanzu akainama. Machozi yakamlengalenga Tunu. Alimpenda mama yule, na jina lile alikuwa amelitunza moyoni miaka yote kwa ajili ya binti. Akimpa inzi, si ndiyo kukiri kwamba binti hatakuja?

Kalamu i mkononi, na wote watatu wanamtazama. Haya, nyie mliocheka mwanzoni, nisaidieni: je, inzi yule alistahili jina la nani?