Jina Moja la Jeni ya Panya

Kaeni vizuri, nina kesi mkononi na imenishinda. Mimi ni karani wa maabara ya panya, kazi yangu ni kujaza fomu, na fomu hii ina nafasi ya jina moja tu.

Wanaodai haki ya kulitoa jina hilo la jeni ni watatu. Mzee Chilongola hulisha panya na kuwatia alama masikioni. Bi Salha hukata nyama ya panya vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvichungulia kwa darubini. Daktari Nsia husoma jeni, herufi kwa herufi.

Sheria yetu ni hii: panya anayetetemeka hukatwa ncha ya sikio la kulia, na kesho yake anauawa. Sikio la kushoto ni la wale wa kuzaa. Wiki moja Mzee Chilongola akamkata jike mgonjwa sikio la kushoto. Jike akazaa, na watoto nao wakatetemeka. Bila kosa hilo tungemtupa, na mambo yangeishia hapo.

Bi Salha akawachunguza watoto hao miezi minne. Akaona kiini cha kila seli ya ubongo kimejaa protini kuukuu, kama nyumba ambayo hakuna anayetoa taka. Wengine walichungulia palepale wasione kitu. Sasa macho yake yamekwisha, na daktari wa macho amemwambia hayatarudi.

Daktari Nsia akatafuta kwa nini taka hazitoki. Akaipata jeni. Hiyo ndiyo hutengeneza protini inayokaa ndani ya kiini na kuzitia alama protini zilizochakaa ili zivunjwe. Kwa panya wetu herufi moja ilikuwa imekosekana. Mama yake Daktari Nsia alifariki siku ambazo mashine ilikuwa inasoma jeni, naye Daktari hakwenda kumzika.

Desturi ni kwamba aliyegundua jeni ndiye anayeipa jina. Nikawaita wote.

"Andika Foibe," alisema Mzee Chilongola. "Mke wangu."

"Mzee wangu, wewe ulikosea tu," alisema Bi Salha. "Mimi macho yangu yameishia pale. Andika Salha."

"Nilikosea kwa sababu nilikuwa nimemzika Foibe juzi yake. Hata sikujua nimeshika panya gani."

Daktari Nsia alikuwa akitazama meza. "Bila mimi mngekuwa na panya wagonjwa, basi. Mama yangu aliitwa Nakunda."

Hakuna aliyelia wala kupandisha sauti. Nami niseme kweli, sikuhisi kitu. Wakarudi kazini.

Nilijaribu kuyaunganisha majina yote, fomu ikarudishwa. Chumba cha panya kinafungwa mwisho wa mwezi. Mzee Chilongola atawaua wote kwa mkono wake, na kitakachobaki cha watu hawa watatu ni jina hilo moja.

Fomu inaondoka kesho asubuhi. Je, wewe unayenisikiliza, ungeandika jina la nani?