Biwi la Bi Mwanasiti

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mjane mmoja mcha Mungu akiitwa Bi Mwanasiti binti Athumani. Swala tano hazikumpita, wala saumu. Lakini alikuwa na ila moja, na nani asiye na yake: kutulia hakujui. Chungu kikiwa jikoni hukifunua mara kumi. Mgeni akichelewa, huingia na kutoka mpaka kizingiti kikachoka naye.

Aliishi kwa kulima kishamba cha wakfu wa msikiti. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwaka, miezi miwili kabla ya masika, msimamizi wa wakfu, Maalim Shebwana, hupita akatia mkono udongoni. Ukiwa hai, mkulima huendelea. Ukiwa umechoka, shamba hupewa mwingine, maana mali ya Mola haikamuliwi mpaka tone la mwisho.

Na Bi Mwanasiti alikuwa ameukamua. Mchicha juu ya mchicha, miaka mitatu, mpaka udongo ukawa mweupe kama unga wa muhogo. Alipotanabahi, akatenga tuta moja, akapanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, na kunde, akanuia kwa sauti: "Tuta hili silili. Ni la biwi." Yaani mimea ikianza tu kutoa ua aikate ingali mibichi, aipange kwenye biwi la taka tabaka kwa tabaka, na samadi ya mbuzi na majani makavu, ivunde iwe mboji ya kuurudishia udongo nguvu.

Jirani yake, Bi Masika, akaegemea ua wa makuti akacheka. "Shoga, wenzio tunalilia mboga, wewe wazilisha taka kunde? Hizo taka zina meno?"

"Meno hazina. Tumbo zinalo," akajibu, akaendelea kukata.

Akapanga, akamwagia maji, akafunika. Ndipo taabu ikaanza. Biwi huiva kwa joto lake lenyewe, na joto halitaki kuchunguliwa. Yeye alikuwa na kijiti cha mwanzi. Asubuhi akachokoa, adhuhuri akachokoa. Akatia mkono kutafuta moto, asiuone, akapindua juu chini, akafunika, na kabla jasho halijamkauka akafunua tena. Siku zikenda hivyo, na majani yakabaki majani.

Ikasalia siku moja Maalim afike. Bi Masika akamwonea huruma. "Chukua masizi ya vyungu na vumbi la makaa, unyunyize juu ya matuta, utie maji. Maalim ni mtu wa vitabu, jembe atalijulia wapi?"

Naye, kwa hofu ya kukosa pa kulima, akanyunyiza. Alasiri akasimama kuswali, akapoteza hesabu ya rakaa. Akarudia, akapoteza tena.

Asubuhi Maalim akaja, akaufinya udongo wa juu kwa vidole viwili. "Mashaallah, mweusi. Umefanya kazi, binti Athumani." Akageuka aende zake.

Bi Mwanasiti akamwangalia mgongo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Maalim," akasema, "rudi utie mkono mpaka kiwikoni."

Maalim akarudi, akapiga magoti, akachimba. Mkono ukatoka na udongo mweupe. Akanusa ncha za vidole. "Masizi."

"Ndiyo, Maalim. Na biwi halijaiva. Mimi ndiye niliyelizuia, nalichokoa kwa kijiti hiki kila saa. Shamba mpe mwenye subira."

Mzee akakung'uta vidole. "Udongo uliochoka hulishwa ukapona," akasema. "Nilicholiogopea shamba hili ni mlimaji wa kulipaka masizi akanyamaza. Wewe hukunyamaza. Nipe hicho kijiti."

"Kijiti, Maalim?"

"Hicho hicho. Nitakurudishia baada ya siku arobaini. Biwi usiliguse."

Siku arobaini hizo, wanangu, zilikuwa ndefu kuliko eda. Hufika shambani, akasimama, akaleta istighfari, akarudi. Mikono ilipomwasha akashika ukili, akasuka. Ikamwasha tena, akasuka tena.

Siku ya arobaini Maalim akaja na kijiti chake. "Funua mwenyewe."

Akafunua. Majani hayakuwapo tena. Palikuwa na mboji nyeusi, laini, inanukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Akaitia matutani masika yakianguka, na shamba akaachiwa. Ule ukili nao ulikuwa umetimia jamvi zima, likatandikwa safu ya mbele msikitini. Na Bi Masika akaja uani, macho chini: "Shoga, nigawie mbegu za marejea. Taka zangu nazo zina njaa."

Nasi ndivyo tulivyo. Tunamwomba Mola jambo, kisha twachokoachokoa tuone kama limeiva. Ukishaomba, funika. Mikono ikikuwasha, ukili upo.